Muuzaji akisema kisu ni halali, lawama ya kukibeba ni ya nani?

Mfunga_Turubai ameuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo nimelisikia likijibiwa kirahisi mno, kila anayejibu akiwa na uhakika wake, na sijapata watu wawili wanaokubaliana.

Mimi ni msimamizi wa kikosi kidogo cha mafundi wa kusimamisha mahema na majukwaa ya maonyesho. Kisu kwetu ni kitendea kazi cha kila saa. Tunakatia kamba, mikanda ya plastiki na turubai. Tunatumia kisu cha kukunja chenye ubapa wa sentimita 7, ambao ukishafunguliwa hushikwa na kifungio ili usijikunje na kukata vidole kamba inapokaza. Hufunguliwa kwa dole gumba tu, kwa sababu mkono wa pili huwa umeshika kamba na hauwezi kuiachia. Tulivichagua visu hivi kwa ajili ya usalama.

Mwakani tutafanya kazi Uingereza, kisha Ujerumani, na mazungumzo ya kwenda Japani bado yanaendelea. Muuzaji ameandika katika maelezo ya bidhaa kwamba kisu hiki ni halali kubebwa popote, na nilipomuuliza kwa maandishi alirudia maneno yale yale. Je, askari akitukuta navyo, maandishi hayo yatatukinga? Na kama hayatatukinga, je, ni haki mtu wa kawaida adaiwe kujua sheria za nchi tatu ambazo hazikubaliani hata kuhusu namna ya kuupima ubapa?

Nina sababu nyingine ya kuuliza. Vijana wangu wawili wanasema kazi ya kujua sheria ni yangu kwa kuwa mimi ndiye msimamizi, na mmoja wao amekataa hata kuisoma karatasi niliyomchapia.

Bi_Karani amejibu:

Ndugu msimamizi, nianze na muuzaji, kwa kuwa hapo jibu ni fupi: maneno yake hayatawakinga. Muuzaji huwajibika kwa kuuza, yaani kwa bidhaa ambayo haruhusiwi kuiuza au kwa mnunuzi ambaye hajatimiza umri. Hajui utakwenda wapi na kisu hicho, saa ngapi kitakuwa mfukoni mwako, wala utakuwa nacho kwa madhumuni gani, na hayo ndiyo mambo matatu ambayo sheria za kubeba visu huyauliza kwanza. Katika nchi nyingi kununua, kumiliki na kubeba hadharani ni mambo tofauti yenye vifungu tofauti, hivyo kisu ambacho ni halali kabisa kukinunua na kukiweka nyumbani huweza kuwa kosa mara tu unapotoka nacho mlangoni. Muuzaji anaweza kuwa amesema kweli kuhusu biashara yake na bado akawa amekupotosha kuhusu safari yako.

Uingereza inaonyesha vizuri jinsi mtu anavyoweza kusoma nusu ya sheria akajiona salama. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988 kinakataza kuwa na kitu chenye ubapa au ncha kali mahali pa hadhara bila sababu ya msingi, kisha kinakiacha nje kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Ukiishia hapo utakipima kisu chako, utaona sentimita 7, na utashusha pumzi. Lakini mwaka 1993 mahakama iliamua kwamba kisu ambacho ubapa wake hujifunga ukifunguliwa, hata uhitaji kubonyeza kitu ndipo ukunjike tena, hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya kifungu hicho. Kwa hiyo kisu chenu, kifupi kilivyo, kimewekwa katika fungu moja na kisu kisichokunjika kabisa, na kila anayekibeba hadharani anapaswa kuwa na sababu. Adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 4. Neno «ubapa» nalo limetafsiriwa kwa upana ambao wengi hawautarajii: mwaka 2005 mahakama ilikubali kwamba hata kisu cha mezani cha kupakia siagi, kisicho na ncha wala makali ya maana, ni kitu chenye ubapa. Wakati huo huo bisibisi, ambayo inaweza kuua, ilikwisha kuamuliwa kwamba haiingii katika kifungu hicho, ingawa anayeibeba kwa nia ya kudhuru hushtakiwa kwa sheria nyingine. Mtu anayetegemea hisia zake za nini ni hatari na nini si hatari atakosea huku na huku.

Ujerumani inakugusa kwa upande wa pili. Kifungu cha 42a cha sheria yao ya silaha, kilichoanza kutumika mwaka 2008, kinakataza kubeba visu visivyokunjika vyenye ubapa unaozidi sentimita 12, pamoja na visu vya kukunja vinavyoweza kufunguliwa kwa mkono mmoja na kujifunga. Katika fungu hili la pili urefu hautajwi kabisa. Dole gumba na kifungio, yaani vitu vile vile viwili ulivyovichagua kwa usalama, ndivyo vinavyokiingiza kisu chenu katika katazo. Kazi inatambuliwa kuwa haja halali, na kukisafirisha ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli hakuhesabiwi kuwa ni kubeba. Asiye na haja hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 10,000.

Sasa kuhusu haki. Kanuni ya kwamba kutojua sheria si utetezi ni ya zamani, na inatajwa mara nyingi kana kwamba haina mlango wowote. Milango ipo, ila ni myembamba. Kanuni ya Adhabu ya Ujerumani, katika kifungu cha 17, inasema kwamba mtu aliyetenda bila kujua kuwa anakosa hana hatia endapo hangeweza kuliepuka kosa hilo la ufahamu. Kama angeliweza kuliepuka, adhabu inaweza kupunguzwa tu. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi mwaka 1977, mahakama yake ya rufaa ilipokubali kwamba kutojua sheria kunaweza kuondoa nia ya jinai. Hata hivyo mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba anayejiingiza katika shughuli yenye sheria zake anatarajiwa azifahamu sheria za shughuli hiyo. Kanada inamsikiliza mtu aliyepotoshwa na ofisa wa serikali mwenye dhamana ya jambo husika, si na muuzaji. Ukiiangalia milango hii utaona kwamba mahakama hupenda kujua ulifanya nini ili ujue, na ulimuuliza nani. Wewe umemuuliza mtu anayefaidika ukinunua.

Mpanda_Miti amejibu:

Ninaafiki aliyoyasema Bi Karani, lakini nadhani hatari kubwa kwa watu wa kazi za mikono iko mahali pengine. Mimi hukata matawi ya miti mirefu, na misumeno na visu vyangu navibeba kihalali kila siku ya kazi. Sababu ya kazi ni ngao nzuri mno saa ya kazi, na tatizo ni kwamba inakwisha bila kukuaga. Unashuka mtini, unavua mikanda, unapitia mahali kula, unakutana na rafiki, na saa tatu baadaye umeketi kwenye umati ukiwa na kisu kwenye mfuko wa suruali ile ile. Kisu ni kile kile na mtu ni yule yule, lakini ukiulizwa wakati huo kwa nini unacho, jibu la kweli ni kwamba huna haja nacho.

Kuna shauri moja la Uingereza la miaka ya mwanzo ya 1990 ambalo kila fundi angepaswa kusimuliwa. Mtu alikutwa na kisu mfukoni, akaeleza kwamba alikitumia kazini siku 6 kabla na akasahau kukitoa. Hakuna aliyedai kwamba alikuwa na nia mbaya. Mahakama ilisema kusahau peke yake si sababu ya msingi: sababu aliyokuwa nayo kazini ilikuwa ya siku ile ya kazi, na kusahau hakukuirefusha. Mashauri ya baadaye yamelegeza kidogo, kwa kukubali kwamba kusahau kukiambatana na mazingira mengine kunaweza kusikilizwa, lakini ni mtu gani anataka kuwa mfano wa shauri la baadaye?

Zingatia pia kwamba nchini humo mzigo wa kuonyesha sababu uko juu ya aliyekutwa na kisu. Upande wa mashtaka ukishaonyesha kwamba ulikuwa nacho hadharani, wewe ndiye unayepaswa kuishawishi mahakama kuhusu sababu yako. Na gari lililoegeshwa barabarani ni mahali pa hadhara kwa habari hii, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani kwamba kilichomo kwenye droo ya dashibodi ni kama kilichomo nyumbani.

Kwa sababu hiyo kisu changu hakikai mwilini nje ya kazi. Kina kamba fupi iliyoshonwa kwenye mkanda wa kupandia, na mkanda ukivuliwa kisu kinakwenda nao ndani ya sanduku la zana. Sikufanya hivyo kwa kuwa nina kumbukumbu mbaya; nilifanya hivyo ili kumbukumbu isihusike kabisa. Mfuko wa suruali ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwa sababu suruali huondoka kazini pamoja nawe.

Jambo moja zaidi, ambalo sijaona likitajwa mara nyingi. Angalia msumari wa bawaba, yaani ile skrubu ambayo ubapa huizunguka. Kisu kipya kinabana, na ukikitikisa hakifunguki. Kikitumika mwaka mzima kwenye vumbi na mafuta, skrubu hulegea, na siku moja ukikirusha kwa kifundo cha mkono ubapa hutoka wenyewe. Kanada, kwa mfano, haina kipimo cha urefu kwa nchi nzima, lakini imepiga marufuku kisu kinachofunguka kwa uzito wake au kwa nguvu ya mzunguko, na kinachoangaliwa ni kile ambacho kisu kinaweza kufanya siku hiyo mkononi mwa ofisa. Hivyo kisu kinaweza kuhama kutoka upande mmoja wa sheria kwenda mwingine huku kikiwa kimelala kwenye sanduku lako. Kaza skrubu.

Hoja_Tofauti amejibu:

Ndugu Mpanda Miti ametoa mfano huo wa skrubu kama ushauri wa fundi. Mimi nauona kama shitaka dhidi ya sheria yenyewe. Sheria ambayo hatia yake inategemea nguvu ya kifundo cha mkono wa askari imeacha kumwambia raia afanye nini, na wajibu wa kujua una maana pale tu ambapo kuna kitu kinachoweza kujulikana.

Hili limetokea, na limeandikwa. Jimbo la New York lilikuwa na katazo la visu vinavyofunguka kwa uzito, lililotungwa miaka ya 1950 kwa ajili ya aina ya pekee ya visu ambavyo ubapa wake huteleza kutoka ndani ya mpini. Kwa muda mrefu baadaye katazo hilo lilitumiwa dhidi ya visu vya kawaida vya kukunja, vilivyokuwa vikiuzwa wazi madukani, endapo askari angeweza kukifungua kimoja kwa kukirusha. Askari mmoja akishindwa mara tatu na mwenzake akafaulu mara ya nne, aliyekibeba alikuwa na kesi. Waliokamatwa walikuwa maelfu, na wengi wao walikuwa watu Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakiwamo mafundi wa kawaida wenye visu vya kazi. Mwaka 2010 mwendesha mashtaka wa Manhattan alifikia makubaliano na maduka makubwa yaliyokuwa yakiuza visu hivyo. Maduka yalilipa fedha, yakaahidi kuacha, yakaepuka kushtakiwa. Wanunuzi hawakupewa nafasi ya namna hiyo. Katazo hilo liliondolewa mwezi Mei 2019, baada ya jaji wa mahakama ya shirikisho kusema kwamba, kwa jinsi lilivyotumika kwa mlalamikaji aliyekuwa mbele yake, lilikuwa halieleweki kiasi cha kukiuka katiba.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema «ni wajibu wako kujua», huuliza wajibu wa dola wa kueleza umekwenda wapi. Bunge lililoshindwa kuandika kwa lugha ambayo fundi anaweza kuisoma halina uso wa kumlaumu fundi kwa kutosoma.

Bi_Karani amejibu:

Ndugu Hoja Tofauti, historia uliyoieleza ni sahihi na sina nia ya kuitetea sheria ile. Ninachokupinga ni hatua inayofuata, kwa sababu msomaji anaweza kuondoka hapa akiamini kwamba ubaya wa sheria unapunguza hatari ya anayebeba. Unaongeza. Kadiri kifungu kinavyokuwa na ukungu ndivyo askari anavyokuwa na nafasi pana ya kuamua, na ndivyo mtu mwenye busara anavyozidi kujiweka mbali na ukingo wake. Kutaka kifungu kibadilishwe ni kazi moja, na kutokamatwa nacho kabla hakijabadilishwa ni kazi nyingine. Mtu yule yule anaweza kuzifanya zote mbili.

Hata mfano wako haukuishia pale ulipouacha. Baada ya katazo la jimbo kuondolewa, Jiji la New York liliendelea na kanuni yake yenyewe, inayokataza kubeba hadharani kisu chenye ubapa wa inchi 4 au zaidi na kuvaa kisu kikionekana waziwazi, isipokuwa kwa wenye ruhusa zilizotajwa kama vile wanaokwenda au kutoka kazini. Aliyesoma kichwa cha habari cha Mei 2019 na asisome zaidi angeweza kujifunga kisu kiunoni akiamini kwamba amekombolewa. Ndivyo Marekani ilivyo kwa jumla: kuna sheria ya shirikisho, ambayo kwa mfano inakataza silaha ndani ya majengo ya serikali kuu na kukiacha nje kisu cha mfukoni chenye ubapa mfupi kuliko inchi 2.5, kisha kuna jimbo, kisha mara nyingine kuna mji. Texas tangu 2017 inaruhusu watu wazima kubeba hata visu vyenye ubapa unaozidi inchi 5.5, ila inavizuia katika maeneo yaliyotajwa, kama vile shule. Hakuna jibu moja la nchi nzima, na anayekupa jibu moja hajui anachokisema.

Isitoshe, shida ya ukungu haiko kwa ndugu msimamizi. Kisu chake kinajifunga na kinafunguka kwa mkono mmoja, jambo ambalo yeye mwenyewe amelieleza kwa sentensi moja iliyo wazi. Kuhusu nchi mbili za kwanza, sheria imekitaja karibu kwa jina.

Lipo jambo jingine ambalo wasafiri hulisahau, nalo ni kwamba kujua sheria si kazi ya kufanywa mara moja. Uingereza na Wales zilipiga marufuku visu vinavyoitwa vya «zombi» (visu vikubwa vyenye sura ya kutisha, kama vya filamu) pamoja na aina fulani za mapanga kuanzia tarehe 24 Septemba 2024, na katazo hilo linahusu hata kuwa navyo nyumbani. Wenye navyo walipewa wiki chache za kuvisalimisha. Ujerumani nayo ilikaza sheria yake mwishoni mwa Oktoba 2024, na tangu wakati huo visu vimekatazwa kwenye sherehe za hadhara, maonyesho na masoko ya wazi bila kujali urefu wa ubapa, isipokuwa kwa wanaoangukia katika misamaha. Ndugu msimamizi, kikosi chako kinafanya kazi kwenye sherehe za aina hiyo hasa. Kisu cha fundi anayesimamisha hema kabla ya lango kufunguliwa ni kitu kimoja. Kisu hicho hicho mfukoni mwake jioni, anapozunguka katikati ya wageni kuangalia onyesho, kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Karatasi ya mwaka juzi haitakusaidia.

Kwa habari ya Japani, kipimo cha kukumbuka ni sentimita 6. Kubeba kisu chenye ubapa unaozidi hapo bila sababu halali ni kosa chini ya sheria yao ya silaha za moto na mapanga, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2. Ipo nafasi finyu kwa visu vya kukunja vya hadi sentimita 8, lakini ina masharti ya upana na unene wa ubapa, na kifungio kinakitoa kisu chako nje ya nafasi hiyo. Kilicho kifupi zaidi hakiko huru moja kwa moja, kwa sababu sheria ya makosa madogo inamkamata anayeficha kisu mwilini bila sababu halali hata kikiwa chini ya kipimo.

Mfunga_Turubai amejibu:

Nimesoma kwa makini na ninawashukuru wote, pamoja na ndugu Hoja Tofauti, ambaye alisema lile nililokuwa nimelibeba moyoni. Nikiri kwamba bado naona ugumu katika jambo moja. Mtu anapochagua kifungio ili asikatwe vidole, na sheria ikamtazama kwa jicho baya kwa sababu ya kifungio hicho hicho, anaadhibiwa kwa kuwa mwangalifu. Lakini nimeelewa kwamba malalamiko hayo sina wa kumpelekea pale askari atakapokuwa amesimama mbele yangu.

Mmoja wa vijana ameniuliza iwapo anaweza kusema anakibeba kwa kujilinda katika miji asiyoijua. Na je, barua ya mwajiri inayoeleza kazi yetu inatosha? Halafu lile la msimamizi bado halijajibiwa.

Mpanda_Miti amejibu:

Mwambie kijana huyo asilitamke neno hilo hata kwa mzaha. Uingereza hofu ya jumla ya kushambuliwa haikubaliwi kuwa sababu ya msingi, na Ujerumani kujilinda hakumo katika haja halali zinazotambuliwa kwa visu vya namna hii. Ubaya wake ni zaidi ya kutokukubaliwa: fundi mwenye kisu cha kazi, akisema kwamba kinamsaidia pia kujilinda, amegeuza kitendea kazi kuwa silaha kwa kinywa chake, na hapo anaweza kujikuta anajibu shitaka zito kuliko lile la mwanzo. Si ushauri wa kusema uongo. Kama kweli anakibeba kwa ajili hiyo, akiache nyumbani.

Barua ya mwajiri ina faida, na mimi ninayo. Iandikwe tarehe za kazi, mahali, aina ya kazi na aina ya zana, na iwe kwa lugha ya nchi mnayokwenda. Lakini barua inaeleza kwa nini una kisu siku ya kazi mahali pa kazi. Haielezi kwa nini unacho usiku kwenye kituo cha treni ukiwa umevaa nguo za matembezi, na askari yeyote ataiona tofauti hiyo bila kuambiwa.

Katika ndege visu vyenu viende kwenye mizigo ya chini, vimefungwa ndani ya ala au kitambaa kigumu ili mkaguzi asijikate. Kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya katazo la jumla la mizigo ya mkononi linahusu ubapa unaozidi sentimita 6, na Marekani hairuhusu kisu cha kukata cha urefu wowote ndani ya ndege, kwa hiyo aliyepita salama kwenye safari ya kwanza anaweza kunyang'anywa kwenye ya pili. Baada ya kutua, msiifungue mizigo na kugawana visu uwanjani. Sanduku lifungwe kwa kufuli hadi mahali pa kazi.

Bi_Karani amejibu:

Kuhusu msimamizi na vijana wake: shitaka la kubeba kisu ni la mtu aliyekibeba. Hakimu hatamwita msimamizi asimame kizimbani badala ya kijana kwa sababu kijana aliamini kwamba kuna mtu mwingine anayesoma kwa niaba yake. Kijana aliyekataa karatasi hajakuhamishia wewe chochote. Amejinyima tu nafasi ya kusema kwamba alijaribu kujua, na umeona hapo juu kwamba hata milango ile myembamba huanza na swali hilo.

Hata hivyo hupaswi kujificha nyuma ya hoja hiyo. Wewe ndiye unayechagua kisu, unayekigawa, unayepanga nani analala wapi na nani anasafiri na nini. Ukimpa kijana kisu ambacho unajua kwamba hawezi kukibeba barabarani, kisha ukamwacha arudi hotelini peke yake bila mahali pa kukihifadhi, umemweka pabaya hata kama kesi itabeba jina lake. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Waulize wenye dhamana kwa maandishi, yaani polisi wa mji mnaokwenda au ubalozi wa nchi husika, ukieleza kisu chenyewe kwa vipimo: urefu wa makali, urefu kutoka ncha hadi mpini, kama kinajifunga, na kama kinafunguka kwa mkono mmoja. Toa vipimo vyote viwili vya urefu, kwa sababu sheria ya Uingereza inataja makali na nyingine zinataja ubapa, na katika visu vingi hivyo vinapishana kwa milimita kadhaa. Usiulize «je, kisu hiki ni halali», kwani utajibiwa kwa neno moja lisilokusaidia. Eleza nani atakuwa nacho, wapi, saa ngapi, na kitasafiri vipi.

La pili ni visu vyenyewe kubaki mali ya kikosi, visiwe mali ya mtu. Visafiri katika sanduku moja, vigawiwe asubuhi, virudishwe jioni kabla ya mtu yeyote kubadili nguo, na mwenye ufunguo awe mmoja. Asiyetaka kusoma karatasi asigawiwe, apewe kazi ya vigingi na nyundo.

Mfunga_Turubai amejibu:

Nimeiandika barua ya kwanza ya kuuliza leo mchana, pamoja na picha ya kisu kikiwa kimefunguliwa na rula pembeni yake. Kijana wa karatasi nimemweleza habari ya vigingi. Ameichukua karatasi, ameisoma yote, na amerudi na maswali ambayo sikuweza kuyajibu, likiwamo la msumeno wa kukunja tunaoutumia kwa mbao, ambao sikuwa nimeufikiria kabisa. Nitauongeza katika barua.